Mshika Nguzo wa Caliche

Pale Caliche, magharibi ya Texas, ukimuuliza mtu yeyote Chevo Arredondo ni nani, atakwambia ni yule fundi wa viyoyozi anayepenya kwenye dari za watu kama panya. Ukimuuliza aliyevuka miaka arobaini, ataweka kwanza kikombe chake cha kahawa chini. Huyo atakwambia Chevo alikuwa mpokezi wa upenyoni, na kwamba tangu aache hajatokea mwingine. Kisha atakuchosha kwa hadithi mpaka kahawa ipoe.

Jina lake la ubatizo ni Eusebio, lakini padri peke yake ndiye anayelitumia. Ni mtu mfupi, mchangamfu, mwenye mvi za mapema. Enzi za sekondari alikuwa mfupi zaidi, tena mkondefu, hata siku ya kwanza alipovaa helmeti na mabega ya plastiki, Kocha Birdwell alimzunguka mara mbili akauliza kama mna mtu mle ndani.

"Yumo, kocha," sauti ikajibu kutoka ndani ya helmeti. "Ila bado anatafuta dirisha."

Mpira wetu ni ule wa kubeba mkononi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu inapewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao, na yaliyobaki yote ni makelele. Majitu husimama katikati na kusukumana. Warefu wenye mbio husimama pembeni kabisa, karibu na mstari, wakingoja kurushiwa mpira wa mbali. Baina ya majitu na hao warefu hubaki uwazi, na hapo ndipo anaposimama mpokezi wa upenyoni. Kocha Birdwell alimweka Chevo hapo kwa sababu moja tu: kwingine kote alikuwa hafai.

Si mahali pa sifa. Wa pembeni akidaka mmoja tu, picha yake inatoka gazetini na wasichana wanamkata kwa mkasi. Wa upenyoni anatumwa katikati ya msitu wa watu akachukue yadi sita, adondoshwe, ainuke, atumwe tena. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo kazi yenyewe, ila kila haba inakuja na kipigo chake. Na jaribio la tatu linapofika, zimebaki yadi chache na mji mzima umesimama, hapo hakuna anayemtafuta yule mzuri wa pembeni. Wote wanamtafuta mfupi.

Kusema kweli Chevo hakufundishwa na Birdwell. Alifundishwa na shangazi zake. Kila Desemba wanawake wa ukoo walijazana jikoni kwa bibi yake kutengeneza tamale, unga wa mahindi na nyama ndani yake, uliofungwa kwa maganda ya muhindi ukapikwa kwa mvuke, na mtoto aliyetaka moja kabla ya wakati ilibidi apite baina ya shangazi wawili wanene, meza upande huu, jiko upande ule, na Shangazi Chona akiwa na mwiko. Waliokurupuka walichapwa. Chevo alisimama mlangoni akitazama. Aligundua kwamba uso wa shangazi unaweza kukutazama wewe huku mwili unakwenda kwingine, lakini nyonga hazijui kudanganya. Nyonga zikishageuka, mtu mzima hawezi kuzirudisha haraka, na pale zilipotoka pana njia. Basi akawa anapita. Na Shangazi Chona alipochoka kumkimbiza, alimtupia tamale ya moto kutoka kwenye sufuria ili anyamaze. Ukiidaka tamale ya moto kwa mikono migumu, inakuunguza na inaanguka. Ukiipokea huku mikono inarudi nyuma kidogo, inatulia kama kifaranga. Miaka kumi ya Krismasi za namna hiyo, kocha gani angeongeza nini?

Kwa hiyo uwanjani alifanya yale yale. Alikimbia yadi sita moja kwa moja kama mtu anayeachwa na basi, kisha akatazama nyonga za mlinzi wa kati. Zikielekea ndani, yeye akakata nje. Zikielekea nje, akakata ndani. Mlinzi akirudi nyuma kwa woga, Chevo alisimama pale pale, akageuka, akaonyesha mikono. Na mrushaji, yule anayegawa mpira kutoka kule nyuma, ilibidi aone kitu kile kile kwa wakati ule ule, maana hapakuwa na muda wa kuulizana. Wakati mwingine Chevo hakurushiwa kitu, kazi yake ikawa kumzuia jitu lenye uzito mara mbili ya wake ili mwenzake apite. Alifanya hivyo pia, akaenda nyumbani anachechemea na kula vizuri.

Mara moja, dhidi ya Fort Dunning, ambao ni mahasimu wetu tangu babu zetu, alidaka katikati na wawili wakamfikia pamoja, mmoja kila upande. Chevo akainuka mpira ukiwa kifuani na pengo mbele ya mdomo. Refa akamuuliza kama yuko salama.

"Mpira ninao," alisema. "Jino wabaki nalo wao."

Mke naye alimpata kwa ufundi huo huo. Ofelia Baeza alikuwa na kaka wawili, Fidencio na Remigio, majitu yote mawili katika timu yetu, na hakuna mvulana aliyewahi kumkaribia bila kubebwa akarudishwa alikotoka. Sasa, kwetu kila vuli kuna Ijumaa ya kurudi nyumbani, waliosoma zamani wanaporudi kutazama mechi, na siku hiyo mvulana humvalisha msichana ua kifuani. Usidhani ni ua la bustanini. Ni ua la kitambaa lenye ukubwa wa sinia, riboni zikining'inia mpaka magotini, na kengele ndogo ndogo zinazolia kila mvaaji akijitikisa. Mama yake Chevo alishona moja kwa wiki nzima. Jioni ile Fidencio na Remigio walisimama mlangoni bega kwa bega. Chevo akaja na ua lake, akawaangalia nyonga, akawa ndani.

"Huyu kapitia wapi?" Fidencio akauliza.

"Mimi nilidhani wewe unalinda upande huo," Remigio akajibu.

Ofelia alicheka mpaka kengele zote zikalia, na ua lile bado liko ukutani sebuleni kwao.

Hakwenda kucheza chuo kikuu. Walimpima urefu wakamshukuru. Alijifunza viyoyozi, na katika mji ambao Agosti unaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari, fundi wa viyoyozi hulala na shibe. Walipata mabinti wawili ambao sasa wana kwao, na baadaye sana, wakati Ofelia alikuwa ameshagawa nguo zote za watoto, wakampata Nicanor.

Jambo lililomshinda Chevo ni kukaa jukwaani. Alijaribu msimu mmoja. Mpokezi akikata kulia, na yeye anakata kulia, hapo hapo kwenye benchi, anamgonga jirani. Kila mpira ukirushwa mikono inamtoka. Siku moja alimwagia mama mkwe wake, Doña Trini, jibini ya moto ya kuchovyea chipsi, tangu kidevuni mpaka kwenye viatu. Doña Trini si mwanamke mdogo na jibini ilikuwa na safari ndefu. Baada ya hapo hata yeye mwenyewe aliona aibu kurudi.

Aliyemwokoa ni Bwana Orville Stuckey, aliyekuwa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, mkuu wa watu wa mnyororo. Hawa ni wanaume wa mji wanaosimama pembeni ya uwanja na mnyororo wa yadi kumi, nguzo kila mwisho, kuonyesha timu imefika wapi na inatakiwa ifike wapi. Mmoja hushika nguzo ya nyuma, mmoja nguzo ya mbele, mwingine kibao cha kuhesabia majaribio. Na mkuu hushika kibanio. Kibanio ni kidude cha chuma kinachobanwa kwenye mnyororo pale unapokatiza mstari wa uwanja, ili mnyororo ukihamishwa kwenda kupima, ujulikane hasa ulikuwa wapi. Kila alipokibana, Stuckey alitaja mstari wake kwa sauti kama mwadhini, "Arobaini! Ukingo wa nyuma!" na watoto jukwaani wakamwiga.

Stuckey alikuwa na sheria moja. "Mtu wa mnyororo hana timu, hana mke, hana mtoto. Ana yadi kumi." Kushangilia kulikuwa mwiko. Mfamasia wetu alishika nguzo ya mbele miaka mingi, mpaka mwanawe alipofunga, akaruka juu mara moja, mara moja tu. Stuckey akanyoosha mkono pale pale akamnyang'anya nguzo. Nguzo hiyo ndiyo aliyopewa Chevo, akaishika miaka kumi na tisa bila kutoa hata pumzi ya kusikika.

Mtu asiyewajua Arredondo angesema, nguzo tu hiyo, kwani ni nini? Lakini baba yake Chevo alikuwa mchuma pamba, wa ng'ambo ile ya reli, na enzi zake watu wa ng'ambo ile walitazama mechi wakiwa wamesimama nyuma ya uzio wa waya, kwenye kona. Hakuna aliyewakataza kuingia na hakuna aliyewakaribisha. Mzee alimwona mwanawe akicheza kupitia matundu ya waya, akafa hajawahi kukanyaga majani yale. Kila Chevo aliposimama na nguzo hatua chache kutoka mstarini, alihisi amemleta baba yake. Na kibanio hakikuwahi kushikwa na mtu wa ng'ambo yetu. Yeye alikitaka, jamani. Alikitaka kama mtoto anavyotaka baiskeli.

Jumanne ya wiki ya kurudi nyumbani, Stuckey alimwita afisini mwake, yaani kwenye kibaraza chake.

"Goti limekataa," alisema. "Ijumaa ndiyo mwisho wangu. Filimbi ya mwisho ikilia, kibanio nakitoa. Nimekufikiria wewe."

"Bwana Stuckey, mimi…"

"Bado sijamaliza. Mwanao anacheza upenyoni."

"Ndiyo, mzee."

"Msimu mzima umenyamaza. Nimekuangalia. Lakini Ijumaa ni Fort Dunning. Sauti moja, Chevo. Moja tu, na kibanio kinakwenda kwa Leroy."

Leroy Pruitt ni mshika nguzo ya nyuma, mnene, mcheshi, mwuza matairi, ambaye hakukitaka kibanio wala kitu chochote kinachomlazimu kuinama.

"Nitanyamaza," Chevo akasema.

"Mfamasia naye aliniambia hivyo hivyo."

Usiku mezani, juu ya maharagwe na chapati za unga wa ngano, Chevo aliitoa habari kwa madaha. Ofelia aliendelea kukunja chapati yake.

"Wanaume wengine wanagombea umeya," alisema. "Wangu anagombea kibanio."

"Si kibanio tu, Ofelia. Unajua ni nini."

"Najua ni nini. Najua pia nimeolewa miaka yote hii na kila Ijumaa natazama mpira na mama yangu." Akamgeukia Nico. "Muulize baba yako kama anajua mimi huvaa nini mechini."

"Unavaa ua," Chevo akasema haraka. "Nasikia kengele."

"Anasikia kengele," Ofelia akamwambia mwanawe. "Kama ng'ombe."

Nico alicheka akapaliwa. Alikuwa na umbo la baba yake, nyongeza ya vidole viwili, na mikono ile ile ya kupokea tamale. Macho pia alikuwa nayo. Dosari yake ilikuwa moja, nayo ilimkosesha Chevo usingizi: aligeuka mapema. Zikihitajika yadi sita, yeye anageuka kwenye ya tano, anadaka vizuri, anaangushwa vizuri, na timu inabaki na upungufu wa yadi moja.

"Pita nguzo kwanza," Chevo akamwambia, kwa mara ya elfu. "Ipite, ndipo ugeuke. Mpira wa yadi tano ni mzuri kwa picha tu."

"Baba, nguzo ndiyo wewe. Nikikuona umenikodolea macho pale, natamani kugeuka nikimbie."

"Basi usinitazame."

"Mtu asimtazame baba yake?"

"Mama yako anasema hata mimi simtazami yeye. Tumezoea."

Ijumaa mji ulifungwa mapema. Wahitimu walirudi kutoka Lubbock na Odessa na vitambi vyao, ngoma zikapigwa, na harufu ya nyama ya moshi ikatanda mpaka kwenye pampu za mafuta nje ya mji. Wasichana walipita wakilia kengele kama msafara wa punda. Ofelia alikuwa amevaa ua alilopewa na Nico, kubwa kuliko la zamani, na alipanda jukwaani na mama yake na blanketi lao. Chevo hakugeuka. Alisikia kengele zikipanda ngazi, zikasimama, zikakaa.

Sitakuchosha na mechi nzima. Fort Dunning walitangulia, tukawapata, tukawapita kwa pointi nne. Nico alidaka mara kadhaa, na kila mara kengele zilichachamaa nyuma ya Chevo, na kila mara Chevo alitazama mbele kama askari wa zamu. Mara moja tu aliuma midomo mpaka ikatoa damu. Leroy aliona.

"Unakula nini?" akauliza.

"Nanyamaza."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndugu yangu. Ukija, niambie nikae mbali."

Zikabaki dakika mbili. Mpira ulikuwa wetu. Fort Dunning walikuwa wamemaliza mapumziko yao yote, hawana njia ya kuisimamisha saa. Tukipata yadi kumi hizi mchezo umekwisha, mrushaji atapokea mpira na kupiga goti tu, njia halali ya kupoteza muda, mpaka saa iishe. Tukikosa, jaribio la nne ni la kuupiga mpira mbali kwa mguu, unakuwa wao, na wana mrushaji mwenye mkono kama manati. Jaribio la kwanza halikuleta kitu, la pili likaleta yadi nne. Jaribio la tatu, zimebaki sita. Uwanja mzima ulijua nani atatafutwa. Kocha wa Fort Dunning alijua pia, akamsukuma mlinzi wake wa kati, jitu lenye shingo kama gogo, akasimama uso kwa uso na Nico.

Chevo alisimama na nguzo yake pale hasa ambapo mwanawe alitakiwa kupita.

Mpira ukatoka. Nico akaja mbio moja kwa moja, vizuri, magoti juu. Yule jitu uso wake ulitazama nje, upande wa Chevo. Lakini nyonga zilikuwa zimeshakwenda ndani. Chevo aliziona. Aliona jikoni kwa bibi, aliona njia, na hapo hapo akili ilimwacha. Mguu wake wa kulia ukapiga chini, bega likadanganya, na baba wa watoto watatu mwenye mvi akakata kwa kasi kando ya uwanja, nguzo mkononi.

"Nje!" sauti ikamtoka, sauti ya miaka kumi na tisa. "Nje, Nico! Nje, mwanangu!"

Sasa, nguzo ya mbele imeunganishwa na mnyororo, na mnyororo umeunganishwa na Leroy. Leroy alisikia nguzo yake ikiondoka, akaing'ang'ania kwa uaminifu, na akaenda nayo kwa tumbo.

Nico alikata nje. Alidaka, mikono ikirudi nyuma kidogo, na yule jitu akamfikia na kumlaza pale pale mahali ambapo nguzo ilipaswa kuwa. Refa akakimbia, akaweka mguu pale mpira ulipofika, akatazama pembeni aione nguzo. Aliiona mbali kule, mikononi mwa mtu anayehema, na nyuma yake mtu mwingine amelala kifudifudi.

"Nguzo imetembea!" kocha wa Fort Dunning alipiga kelele. "Nimeiona mwenyewe ikitembea! Ina miguu!"

Uwanja ukaangua kicheko, upande wao na upande wetu. Chevo peke yake hakucheka. Hakufikiria kibanio kwanza, alifikiria mwanawe: kama mnyororo haujulikani ulikuwa wapi, watampimiaje mtoto?

Refa akamwendea Stuckey. "Mlikuwa wapi?"

Stuckey hakuwa amesogea hata unyayo. Alisimama kwenye goti lake bovu, kidole kikielekeza chini. "Kibanio kilikuwa mstari wa thelathini na tano. Ukingo wa nyuma. Nilisema kwa sauti. Huwa nasema kwa sauti."

Refa akamtazama kocha wa Fort Dunning. Kocha akakuna shingo. "Nilimsikia," akakiri. "Tulikuwa tunamwiga."

Basi mnyororo ukabebwa kuingia uwanjani. Stuckey akainama kwa taabu akakiweka kibanio kwenye ukingo wa nyuma wa thelathini na tano. Leroy akaja na majani tumboni akashika nyuma. Chevo akatembea na nguzo ya mbele mpaka pale mpira ulipolala na Nico amesimama pembeni yake anafuta udongo usoni.

"Baba," Nico akanong'ona, "nilikuwa nimeshakata kabla hujapiga kelele."

"Najua."

"Sauti yako ilinikuta na mpira mkononi. Nakuambia tu, watu wasije wakasema."

"Najua, mwanangu. Nilikuona."

"Na sikugeuka mapema. Nilitaka nipite nguzo. Ila nguzo yenyewe sikuiona, ilikuwa imeondoka."

Chevo akavuta mnyororo ukakaza, akashusha nguzo. Pua ya mpira ilikuwa imepita. Kidogo, upana wa kidole cha mwisho, lakini imepita, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona katika mji mzima. Akafumba mdomo.

"Sasa ndiyo unanyamaza!" Leroy akamwambia kutoka kule nyuma.

Refa akanyoosha mkono mbele, na Caliche ikalipuka. Ngoma, kofia hewani, wahitimu wenye vitambi wakikumbatiana. Katika makelele hayo Stuckey alikuja anachechemea na kunyoosha mkono wake mtupu.

"Lete nguzo, Chevo."

"Bwana Stuckey…"

"Sheria naijua, na wewe unaijua."

Chevo akampa. Ilimuuma, wala sitakudanganya kwamba haikumuuma. Mkono wake ulibaki umekunjika kana kwamba bado umeshika kitu.

"Hata hivyo," Stuckey akasema, akitazama pembeni, "alipaswa kwenda nje."

"Uliona nyonga zake?"

"Mimi sioni chochote. Mimi nina yadi kumi." Lakini pembe ya mdomo wake ilicheza. Kisha akamgeukia Leroy akamwonyesha kibanio, na Leroy, na majani yake tumboni, akatazama mbinguni kama mtu aliyeletewa msiba.

Chevo akatoka uwanjani. Akapita kona ya uzio, waya ule ule, majani yameota pale wazee walipokuwa wakisimama. Akasita kidogo. Mzee angecheka, aliwaza. Mzee alikuwa mtu wa kucheka sana, hata nyuma ya waya. Akapanda ngazi za jukwaa, na kila hatua mtu alimpiga bega.

"Fundi! Umemburuta Leroy kama jokofu!"

"Chevo, njoo unifundishie mwanangu kukata, ila nguzo iache nyumbani!"

Fidencio na Remigio, sasa na mvi zao, walisimama bega kwa bega wakaziba njia, kwa mazoea. Kisha wakaachana.

"Pita, shemeji," Fidencio akasema. "Usituchoshe."

Ofelia alikuwa amekaa na ua lake kifuani, na Doña Trini upande wa pili, amejaa na shali zake. Baina yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mdogo, na juu yake blanketi limekunjwa vizuri. Jukwaa lilikuwa limefurika, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi, na pale pako wazi. Chevo alilijua blanketi lile. Kila Ijumaa alilibeba mwenyewe mpaka garini na kila Ijumaa alidhani ni la baridi.

"Kila msimu anawafukuza watu hapo," Doña Trini akasema bila kugeuza shingo. "Hata meya alimfukuza. Mimi nilimwambia anajisumbua."

Chevo akasimama mbele yao, kofia mkononi, hajui aanzie wapi. Maisha yake yote alitafuta nafasi baina ya watu wakubwa, na hii aliipa mgongo miaka kumi na tisa.

"Hapa pana mtu?" akauliza.

"Pana," Ofelia akasema. "Kachelewa tu." Akalivuta blanketi.

Akakaa. Bega huku, bega kule, akatosha sawasawa. Chini uwanjani hapakuwa na kitu tena cha kutazama. Mrushaji wetu alipokea mpira akapiga goti, wakajipanga, akapiga goti tena, huku saa ikiisha na nusu ya watu wakitafuta funguo za magari. Nico alisimama upenyoni kwake, mikono kiunoni, hana kazi.

Chevo akainuka akapiga kelele. Alipiga kelele kwa goti la kwanza na kwa goti la pili, kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka Nico akageuka kutafuta sauti inatoka wapi, na Doña Trini akasogeza jibini yake mbali.

"Lakini hakuna kinachotokea," Ofelia akamwambia, anacheka, kengele zote zinalia.

"Najua," Chevo akasema, na akaendelea.